Wadudu wa Bahari Katika Bwawa la Guleid

Oktoba 19, 1966, Jumatano

Mimi Hirsi Guleid naandika haya kwa mkono wangu. Nilikuwa dubasi, askari wa Serikali wa kilemba chekundu, miaka kumi na tisa, na hakuna aliyekifunga kilemba kile kama mimi. Uliza mtu yeyote kutoka Balambala mpaka Wajir. Herufi nilifundishwa na karani wa DC kwa miezi minne. Wenzangu walifundishwa mwaka mzima na mpaka leo wanatia dole gumba. Naandika Kiswahili kwa sababu Kisomali chetu hakina herufi, na kwa sababu watu wa ofisi ndio watakaosoma. Nataka ijulikane bwawa hili litaokolewa na nani, maana watu husahau.

Bwawa linaitwa War-Guleid. War ni bwawa, na Guleid ni baba yangu aliyelichimba, yeye na wanaume kumi na moja, kwa mikono na ngozi za kubebea udongo. Sasa mlinzi wake ni mimi. Nani anywe kwanza, nani asubiri, nasema mimi.

Juzi liliharibika. Mvua ya vuli, sisi twasema deyr, imekuja mapema mwaka huu na bwawa lilijaa mpaka ukingo. Likaja lori la mkandarasi wa barabara, limebeba mapipa ya dizeli ya tingatinga, na Landrova ya askari nyuma yake. Dereva akauliza njia. Nikamwambia apite juu ya ukingo, ng'ombe mia hupita hapo kila siku. Dereva wa siku hizi hajui kuendesha. Ukingo ukakatika, lori likalala ubavu, mapipa matatu yakapasuka ndani ya maji.

Dereva hakuumia. Maji ndiyo yameumia.

Oktoba 20

Mbuzi wamenusa, wamerudi. Maji yana rangi saba juu yake kama shingo ya njiwa.

Oktoba 22, Jumamosi

Leo kaja Inspekta Ndolo, Mkamba, mtu mrefu asiyecheka. Kwanza aliuliza kama ni shifta, waasi wa porini, waliopindua lori. Nikasema hapana, ni matope. Akaandika.

Kisha akatukusanya, nyumba zetu saba, akasema: "Sasa mvua ipo na kila shimo lina maji. Lakini vishimo vikikauka mtafanya nini? Mtatawanyika porini, na porini wako wale wenye bunduki. Wawalishe wao ninyi au ninyi muwalishe wao, kwangu ni mamoja. Tarehe ishirini Desemba nitakuja. Nikikuta bwawa hili linanyweka, mtakaa. Nikikuta halinyweki, nimeleta malori, mnakwenda wote kijijini kwenye wigo."

Kijiji cha wigo kiko kando ya barabara kuu, na nimekwenda kukiona kwa macho yangu. Watu wamezungushiwa miiba na waya. Wanyama hutoka asubuhi na askari na kurudi alasiri, na malisho ya karibu yalikwisha ndani ya mwezi mmoja. Niliona ngamia jike anatafuna mkeka, mtu mwenye mkeka anamtazama tu. Mimi nina ngamia thelathini na wawili. Siwapeleki wakale mikeka.

Nikamwambia Inspekta, "Tarehe ishirini utakunywa chai ya maji haya."

Dekow, jirani yangu, ambaye tumezeeka pamoja tukigombana, akanong'ona kwa Kisomali, "Utalisafisha kwa kitu gani, Hirsi? Kwa ulimi?"

Oktoba 27

Tumejaribu kukomba mafuta kwa mashuka. Tumepata mashuka ya mafuta.

Novemba 2, Jumatano

Landrova imemleta mtu wa Idara ya Maji kutoka Garissa. Kijana wa miaka thelathini hivi, kofia ya kushona, miguu myembamba. Jina lake Shee, Mbajuni wa visiwani. Nikamuuliza amekuja na mashine gani. Akasema hana mashine, ana matope.

Kweli, ana matope! Alipakia vyupa sita vikubwa vya kioo, vimejaa matope meusi ya bandarini, na vitano vimepasuka njiani kwa ile barabara ya mawimbi. Kimebaki kimoja, na amekikumbatia kama mtoto.

"Mzee Hirsi," akasema, "chini ya gati, pale meli zinapomwaga mafuta miaka nenda miaka rudi, kuna viumbe wadogo wasioonekana. Wamezoea. Wanakula mafuta."

Nikamwambia, "Kijana, kwenu mnakula samaki. Mdomo wa samaki usinifundishe maji ya ngamia."

Akacheka. "Na mdomo wa maziwa umefanya nini mpaka sasa, baba? Nimeona mashuka yameanikwa."

Sijampenda. Lakini hakuna mwingine aliyekuja.

Novemba 3

Anataka vyombo. Chupa moja ya matope haitoshi bwawa. Lazima wale viumbe wazaliane kwanza katika vyombo vingi vidogo, tena wazoeshwe maji yasiyo na chumvi, maana wao ni wa bahari. Kila siku ya tatu anamimina nusu katika chombo kipya chenye chumvi pungufu.

Wengine wangempa madebe yenye kutu. Mimi nikampa haan za Rahmo, mke wangu. Haan ni chombo cha maziwa kilichosukwa kwa mizizi, na hizi alikuja nazo siku ya harusi yetu, sita, hazijavuja hata moja.

Rahmo akasema, "Zile zangu? Za matope?"

"Mgeni hapewi chombo kibaya. Na uzifukize vizuri, asiseme Wasomali wana vyombo vya kunuka."

Akazifukiza. Mke wangu akifukiza haan kwa vijinga vya mkunazi, maziwa hukaa siku nne na ladha yake ni ya peponi. Hakuna mwanamke hapa anayemfikia. Shee alikuwa bwawani anapima kina kwa kamba. Aliporudi akakuta haan sita zimepangwa kivulini, akashukuru sana.

Novemba 4, Ijumaa

Baada ya sala nimemuuliza Shee anieleze tena, maana jana sikuelewa, ingawa nilitikisa kichwa.

Anasema: mafuta na maji hayachanganyiki, kwa hiyo kiumbe mdogo hawezi kuyala mafuta yakiwa shuka moja kubwa. Basi anatoa mwilini mwake kitu kama sabuni. Sabuni ile inayavunja mafuta yawe matone madogo madogo. Halafu anatoa maji ya tumbo lake nje, nje kabisa, yanameng'enya yale matone, ndipo anakunywa.

"Yaani anatapika kwanza, kisha anakula?"

"Karibu na hivyo, Mzee."

"Na sabuni anaitoa wapi? Nani amempa?"

"Mungu kampa."

Nikafikiri. Nikamwambia wanawake wetu huosha nywele kwa majani ya mkunazi yaliyosagwa, ukipiga na maji yanatoa povu, na hakuna mtu aliyetia sabuni pale. Akaruka. "Hasa! Mti unatoa sabuni yake na kiumbe anatoa yake! Umelipata, Mzee!"

Bila shaka nimelipata.

Lakini sasa najiuliza: kama wanakula mafuta, yakiisha watakula nini? Nilisahau kuuliza.

Novemba 6

Mvua. Rahmo amefukiza haan tatu za kumiminia.

Novemba 7

Mvua tena. Ngamia wako mbali, wamenona. Hakuna anayewaza maji isipokuwa mimi.

Novemba 11, Ijumaa

Hakuna kitu. Shee amefungua haan zote. Tone la dizeli alilotia juu limekaa vilevile linang'aa. Anasema kwa siku nane maji yangekuwa meupe kama yametiwa maziwa, na mafuta yangekatikakatika. Amenusa, akarudisha vifuniko kimoja kimoja.

"Wamekufa," akasema.

"Wamekufa kwa nini?"

"Sijui. Labda joto. Labda chumvi nimepunguza haraka."

Nimefikiri ni jicho la Dekow. Alipita hapa Jumanne akasimama juu ya zile haan akisema, "Mashallah, mashallah," na Dekow hasemi mashallah bila sababu. Nimesoma Ayatul Kursi mara saba juu ya kila chombo.

Shee ameanza upya. Chupa imebaki nusu. Rahmo amefukiza vyombo mara mbili safari hii, mgeni akiwa bwawani, kwa heshima.

Novemba 12

Nimeamka nimechoka. Sijaandika kwa nini. Sijui kwa nini.

Novemba 18, Ijumaa

Wamekufa tena. Wote. Chupa ya Shee imebaki vidole viwili vya matope.

Dekow akaja na fimbo yake, akasimama. "Poleni na msiba," akasema. "Mtawazika au mtawarudisha baharini?"

Nikamwambia anyamaze. Akasema hanyamazi, yeye ana wajukuu tisa, na afadhali aende kwenye wigo sasa kwa miguu yake, achague pahali pazuri, kuliko kupakiwa kama kuni Desemba. Nikasema nenda. Akasema, "Nitakwenda. Lakini, Hirsi, ukingo ule hupita ng'ombe. Nani aliliambia lori lipite?"

Rahmo alikuwa anasikia. Nimekaa nyuma ya nyumba mpaka alasiri.

Novemba 20, Jumapili

Nimesoma tena nilichoandika Oktoba 19. Nimeandika dereva hajui kuendesha. Ni kweli alikuwa dereva mbaya. Lakini aliniuliza mara mbili. Mara ya pili alisema, "Mzee, udongo huu ni laini, nizunguke?" na mimi nikamwambia, "Umemuuliza Hirsi Guleid. Pita." Kuzunguka ilikuwa dakika kumi.

Hili sikuliandika kwanza kwa sababu nafasi ya karatasi ni ndogo.

Novemba 21

Dekow ameng'oa nyumba yake. Zimebaki sita. Amekwenda na ng'ombe na wajukuu, hakuaga. Hapana, aliaga. Mimi sikuitikia.

Novemba 24, Alhamisi

Leo lazima niandike yote, ingawa mkono unauma, maana sijui nifanye nini.

Asubuhi Rahmo aliniita zizini. Kuna bakuli la mti la kunyweshea ndama, limepasuka mdomo, halithaminiwi na mtu. Siku zote Shee akimaliza kazi huosha mikono humo na kusuuza vijiko vyake, na ndama hulikataa kwa harufu, kwa hiyo limekaa tu na maji yake.

"Tazama," Rahmo akasema.

Nikatazama. Maji meupe. Povu pembeni, laini, kama la maziwa ya ngamia yakikamuliwa. Yale mafuta ya vijiko hayako. Yamekuwa vijipunje kama vumbi, ukikoroga yanapotea.

"Ni kile anachotafuta," nikasema. "Kimeota humu?"

"Humu, kwenye bakuli la ndama. Kwenye haan zangu hakikuota. Kwa nini, Hirsi?"

"Jicho la Dekow halikufika zizini."

"Acha Dekow. Bakuli hili mimi silifukizi. Sijalifukiza tangu lichongwe."

Sikuelewa. Akanitazama kama anavyonitazama nikitafuta fimbo na fimbo iko mkononi.

"Tunafukiza haan kwa nini?"

"Ili maziwa yawe na ladha."

"Ili yasiharibike! Kuna kitu kinachoharibu maziwa, hakionekani, na moshi unakiua. Mama yangu alijua, mama yake alijua. Sasa mgeni wako anasema ana viumbe wasioonekana. Na wewe ukaniambia nifukize vizuri. Nimefukiza vizuri! Mara mbili! Nimewaua wote, mimi na moshi wangu, na wewe unawasomea Ayatul Kursi!"

Kisha akaanza kucheka, akashika nguzo ya zizi. Mimi sikucheka.

Kichwa changu kimezunguka siku nzima. Usafi umeua. Bakuli chafu limeokoa. Kitu tulichofanya sawasawa ndicho kilichoharibu, na mbele ya mgeni hakuna aliyekitaja, kwa sababu nani anataja kufukiza? Ni kama kutaja kupumua.

Sijamwambia Shee. Itabidi niseme ni mimi niliyeamuru.

Novemba 25

Sijamwambia. Rahmo amenipa chai bila sukari.

Novemba 26, Jumamosi

Nimemwambia. Alikuwa anafunga mizigo yake, anasema atapanda Landrova ya Jumatatu, ameshindwa.

Nikasema, "Shee, haan zilifukizwa."

"Zilifanywa nini?"

Nikamweleza kijinga, kifuniko, moshi, mpaka ndani pawe peusi. Akasikiliza mdomo wazi. Akanusa haan moja, akaingiza kichwa chote, akatoka na masizi puani.

"Mimi nilidhani ni harufu ya mizizi," akasema. "Ya Rabi! Siku ishirini na tatu, Mzee! Kwa nini hukuniambia?"

"Hukuuliza."

"Ningeuliza nini? Kwetu tunafukiza nguo za bibi harusi!"

"Basi wewe pia una makosa."

Nilidhani atakasirika. Akaketi chini akacheka mpaka kofia ikaanguka, na mwisho sijui kama bado alikuwa anacheka. Kisha akaenda zizini, akapiga magoti mbele ya bakuli la ndama, mtu wa Serikali na suruali yake.

Kwa kuwa siku ilikuwa ya kusema, nikamwambia na la lori. Kwamba dereva aliniuliza mara mbili.

Akajifuta macho. "Mzee Hirsi, dereva amewaambia Garissa nzima. Mpaka mwenye hoteli anasimulia, anaigiza na sauti yako."

"Anaigiza vizuri?"

"Hawezi."

Novemba 28

Rahmo anasugua haan kwa mchanga na maji, kutoa moshi. Anazisugua huku analia kidogo. Haan iliyotolewa moshi ni kama mtu aliyenyolewa kwa nguvu.

Novemba 29

Anazisugua.

Desemba 3, Jumamosi

Wameota katika haan nne, kwa mbegu ya bakuli la ndama! Shee amenionyesha: ukidondosha dizeli juu, tone linatandazika kama limeogopa, kisha linakatika. Nimetia kidole. Kinateleza kama kimepakwa sabuni. Hakuna sabuni pale, nimeshuhudia tangu mwanzo. Kama hujaona usiseme mzee anaota.

Kijana huyu si mjinga. Niliandika sijampenda. Sasa niandike anakula vizuri maziwa ya ngamia, na hajataja samaki wiki nzima.

Desemba 6, Jumanne

Tumeanza bwawa lenyewe. Kazi ni hivi. Kwanza nyumba zote sita, wanaume na wanawake, tumetandaza matita ya nyasi kavu juu ya maji, nyasi zinanyonya mafuta mazito, tunazivuta, tunazichoma mbali upande wa upepo. Tumefanya hivyo siku mbili, juzi na jana. Yaliyobaki ni ile ngozi nyembamba ya rangi saba, ambayo nyasi haziishiki. Hiyo ndiyo ya wadudu wa Shee.

Shee amemimina haan moja moja kuzunguka ukingo. Kisha samadi ya mbuzi iliyolowekwa. Anasema mafuta peke yake ni kama ugali bila kitoweo, wadudu wanadhoofika. Kisha tunayapiga maji kwa fimbo asubuhi na jioni, wapate pumzi.

Nikasema, "Wadudu wa majini wanataka pumzi?"

"Wanataka."

"Na wanataka samadi. Na wanaogopa moshi."

"Ndiyo, Mzee."

"Hawa ni kama ng'ombe."

Akasema katika vitabu vyote hajaona maelezo bora. Anaweza kuwa alinitania. Sikuuliza.

Desemba 9

Tunapiga maji. Bega linauma. Bado rangi saba.

Desemba 10

Tunapiga maji.

Desemba 11

Upande wa kaskazini povu. Upande wa kusini rangi saba. Shee anasema ni vizuri. Mwanamke mmoja wa hapa anasema ni ugonjwa wa maji. Mimi nimesema nilijua itakuwa hivyo, lakini sijui nilijua nini.

Desemba 13, Jumanne

Mwezi umeonekana. Kesho Ramadhani. Tangu nibaleghe sijaacha siku hata moja ya funga, wala vitani dhidi ya Mtaliano, wala na homa. Wapo wanaosema hivyo na ni waongo. Mimi hata Dekow atanishuhudia.

Rangi saba imebaki pembe moja tu.

Desemba 17, Jumamosi

Nimezunguka bwawa lote. Sioni mafuta. Nimeinama mpaka ndevu zimegusa maji.

Shee amechukua maji katika chupa, ameyatikisa, ameyanusa, ameyatia karatasi zake za kupimia. Anasema wanyama wanaweza kunywa. Watu bado. "Wiki mbili zaidi, Mzee. Yale tusiyoyaona bado wanayamalizia."

"Yaani kuna mafuta yasiyoonekana yanayoliwa na wadudu wasioonekana."

"Hasa."

Nimechoka na mambo yasiyoonekana. Na sijui hata kama ni wadudu waliofanya kazi hii, au ni nyasi, au jua, au dua. Nimemuuliza Shee. Akasema, "Vyote, lakini wadudu zaidi." Kama ningekuwa mimi ningesema wadudu peke yao.

Desemba 19

Alasiri mvua kubwa, isiyotegemewa. Kila shimo limejaa. Watu wamefurahi. Mimi sikufurahi, na sijui kwa nini.

Desemba 20, Jumanne

Inspekta Ndolo alifika saa nne asubuhi. Malori matatu nyuma yake, matupu.

Akazunguka bwawa. Hakuona mafuta. Akasema, "Naona ni maji. Lakini sumu pia ni maji. Leteni wanyama."

Nikaleta mbuzi. Walikuwa wamekunywa njiani kwenye vishimo vya mvua ya jana, wakasimama ukingoni wakacheua. Nikaleta ngamia sita. Ngamia aliyekula majani mabichi mwezi mzima hana haja ya maji, hata mtoto mchanga anajua. Wakanyoosha shingo, wakanusa, wakatazama pembeni. Yule jike mkubwa akageuka na kuondoka.

"Wanakataa," Inspekta akasema.

"Hawana kiu! Bwana, ni deyr, wameshiba!"

"Mwezi wa kumi mlisema wananusa na kurudi. Leo wananusa na kurudi. Mimi naandika nini, Mzee?"

Shee akaeleza sabuni na tumbo na matone. Inspekta alisikiliza mpaka mwisho, mtu wa haki, akasema, "Bwana Shee, nilikuwa na askari wawili walioambiwa maji ya kisima fulani ni salama, wakanywa, nikawazika. Sina haja na darasa." Akawaambia askari washushe milango ya malori nyuma. Ile milango ina kelele. Rahmo akaketi chini palepale juu ya matope.

Kisha Inspekta akasema, "Mtu anywe. Akinywa mwenye maji, nitaamini."

Ramadhani, saa tano mchana, jua limesimama.

Shee akasema, "Nitakunywa mimi. Mimi ni msafiri, naruhusiwa kufungua."

"Wewe ndiwe uliyeyatengeneza. Utakunywa hata sumu usiaibike. Nataka mwenye bwawa."

Wote wakanigeukia. Nyumba sita. Rahmo akasema kwa Kisomali, polepole, "Hirsi, siku moja hulipwa kwa siku moja baada ya Idi." Nikamwambia najua fikhi, sheria za dini, kuliko yeye. Sikuwa nafikiri fikhi. Nilikuwa nafikiri miaka hamsini na zaidi, na kwamba kesho sitaweza kusema tena sijaacha hata siku moja. Jambo dogo. Wallahi halikuwa dogo.

Tena Shee alikuwa ameniambia watu bado. Akanitazama, akatikisa kichwa kidogo, Inspekta asione.

Nikashuka ukingoni. Nikavua kilemba, nikakishika kwapani. Nikateka kwa kata, nikasema bismillahi, nikanywa yote, nikateka tena, nikanywa, kwa sababu mara moja wangesema alionja.

Inspekta akaniuliza, "Yakoje?"

"Matamu," nikasema. "Baba yangu hakuchimba maji mabaya."

Akanitazama sana. Labda alikuwa anangoja nianguke. Nikasimama. Nimesimama mbele ya watu wakubwa kuliko yeye. Mwisho akaandika, akasema nyumba sita zinakaa, atarudi mwanzo wa mwezi kuangalia, na kama kuna mgonjwa hata mmoja, malori. Wakafunga ile milango. Wakaenda.

Nikapanda mpaka chini ya kivuli, nikaketi. Shee akaja mbio.

"Kweli yalikuwa matamu?"

"Yana ladha ya mafuta ya taa," nikamwambia. "Kwa mbali. Nyuma ya ulimi."

Akashika kichwa. "Nilikwambia wiki mbili!"

"Nilisikia. Inspekta anarudi lini?"

Akahesabu vidole. "Wiki mbili."

"Basi akirudi nitakuwa nimesema kweli."

Rahmo amenipa maziwa, maana funga ya leo imekwisha kuharibika. Nimekunywa. Kisha nimebeba samadi makapu manne mwenyewe, bila kumwita mtu, nimemwaga pembe zote nne za bwawa, nimeyapiga maji kwa fimbo mpaka jua limezama. Nimewaambia wale wadudu kwa Kisomali, na kwa Kiswahili pia kwa kuwa ni wa pwani: kuleni, kuleni haraka, msinifanye mwongo.